Msee Poa au Msee Mwema? Hii Ndiyo Tofauti Itakayokuepusha na Mabeshte Feki

Kila maskani ina yule msee. Kuanzia raundabauti ya Makupa mpaka Majengo, lazima unamjua. Hajawahi kumkatalia mtu neno. Ukimwambia unaacha kazi uende ukauze nguo mtandaoni na huna hata shilingi ya kuanzia, anakwambia "fiti sana, enda nayo". Ukipost picha, yeye ndiye wa kwanza kukupigia makofi. Ukifiwa, ujumbe wake unaingia mapema kuliko wote: "Pole sana bro, tuko pamoja." Halafu siku ya mazishi humuoni. Siku umelazwa, simu yake imezima. Na ukitoka hapo kitini, stori zako ndizo anazouza kwa wengine.

Huyo ni msee poa. Kila mtu anampenda. Swali la leo ni hili: je, ni msee mwema?

Wengi wetu tuliopita Sunday school tuliambiwa Mkristo awe mpole, atabasamu, asiudhi mtu. Tukabeba hilo mpaka utu uzima, na sasa tukikutana na mtu mwenye maneno matamu tunadhani tumekutana na mtu wa Mungu. Ukiisoma Biblia polepole lakini, utaona haiendi hivyo. Kuna watu ndani yake wanatabasamu na kubusu na ndio hatari kuliko wote. Na kuna watu wanasema maneno yanayochoma, na ndio waliokuwa na upendo kuliko wote.

Kwa hivyo tuchambue hii maneno vizuri, kwa sababu ukikosea hapa unaweza kumpoteza beshte wa ukweli ukabaki na wa kuchekewa tu.

Barabara ya Makupa na maji yaliyofungwa

Ukiwa umewahi kutoka kisiwani kwenda Changamwe au kupanda mat ya Magongo, umepita Makupa. Wazee wetu walipita hapo juu ya tuta. Lilijengwa mwaka 1929, wakati wa Mkoloni, kwa kujaza mawe na udongo baharini ili magari yapite. Na magari yalipita kweli. Kwa miaka zaidi ya 90 hilo tuta lilifanya kazi yake na hakuna abiria aliyelalamika.

Shida ilikuwa chini. Tuta lilifunga njia ya maji kati ya mkono wa bahari wa Tudor na ule wa Port Reitz. Maji yaliyokuwa yakipita huku na kule na kupwa na kujaa kwa bahari yakakatwa katikati. Juu mambo laini, chini uhai umezibwa. Ndio maana mwaka 2022 likafunguliwa daraja jipya, na tuta likaondolewa ili maji yapite tena.

Sasa shika hiyo picha. Urafiki wa kuchekeana ni kama lile tuta. Juu unapita bila kurushwa: salamu ziko, vicheko viko, "bro" na "siste" ziko. Chini hakuna kinachopita. Hamuambiani ukweli, hamsaidiani kwa shida, hamrekebishani. Wema ni daraja: unapita juu, na maji yanapita chini.

Neno lenyewe linasema nini

Paulo alipowaandikia Wagalatia alitaja matunda ya Roho: upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili na mengine. Ona kwamba "kuwa poa" haimo. "Kupendwa na kila mtu" pia haimo.

Hilo neno "utu wema" katika Kigiriki cha Agano Jipya ni *chrestotes*. Linatoka kwa neno *chrestos*, na neno hilo hilo ndilo Yesu alilotumia kwa Mathayo 11 aliposema nira yake ni laini. Nira ni ule mti unaowekwa shingoni mwa ng'ombe avute jembe. Mwenye kuichonga vizuri anaipima na shingo ya yule ng'ombe isimchubue. Lakini bado ni nira! Kazi iko pale pale. Kwa hivyo wema wa Kikristo haumaanishi kumwondolea mtu kila kitu kigumu. Ni kumpa kitu kinachomfaa, kwa njia isiyomchubua bure.

Upande wa pili kuna neno "mnafiki". Injili zinatumia neno la Kigiriki *hupokrites*, na maana yake ya kwanza ilikuwa mwigizaji wa jukwaani, yule anayevaa sura ya mtu mwingine ili watazamaji wafurahi. Sasa unaelewa kwa nini Yesu alilitumia kwa watu wa dini. Hao hawakuwa wakorofi. Walikuwa na heshima zao, sala ndefu, sadaka za kuonekana. Tatizo ni kwamba yote yalikuwa shoo, na aliyelipwa na hiyo shoo ni mwigizaji mwenyewe.

Hapo ndipo tofauti yote ilipo. Msee poa anajilinda mwenyewe: jina lake, amani yake, nafasi yake kwa mbogi. Msee mwema anatafuta faida yako, hata kama itamgharimu. Wa kwanza anajiuliza, "Ataniona aje?" Wa pili anajiuliza, "Huyu anahitaji nini?"

Absalomu, bingwa wa kusalimia watu

Kama unadhani wanasiasa wetu ndio waligundua kushika mikono kila mahali msimu wa kura ukifika, soma 2 Samweli 15. Absalomu, mtoto wa mfalme Daudi, alikuwa na gari la farasi na wanaume hamsini wa kukimbia mbele yake. Msafara kamili. Kila asubuhi anajidamka, anasimama kando ya njia ya lango la mji. Mtu akija na kesi yake, anamwita, anamuuliza ametoka mji gani, anamwambia kesi yako ni safi kabisa, ila huku hakuna mtu wa kukusikiliza. Laiti mimi ningekuwa mwamuzi! Na mtu akitaka kumwinamia, anamshika na kumbusu.

Nani hawezi kumpenda msee kama huyo? Biblia inasema ndivyo alivyoiba mioyo ya watu. Imeiita wizi waziwazi. Ona jambo moja: hakuna mahali panaposema alisikiliza kesi hata moja mpaka mwisho. Kila mtu aliambiwa yuko sawa, na hakuna aliyesaidiwa. Mwisho wake ukawa vita ambapo watu elfu ishirini walikufa, na Absalomu mwenyewe akauawa akiwa amenaswa kwenye mti.

Waswahili wana jina la alichokuwa akigawa pale langoni: kilemba cha ukoka. Unavishwa kichwani, unajiona bwana harusi, kumbe ni nyasi.

Sasa mlinganishe na nabii Nathani, kitabu hicho hicho, sura ya 12. Daudi alikuwa amechukua mke wa mtu na kumtuma mumewe akafe vitani. Ikulu nzima kimya, kila mtu analinda kazi yake. Nathani akaenda, ana kwa ana. Hakumwanika sokoni. Alimpa hadithi ya maskini mwenye kondoo mmoja, Daudi akakasirika, ndipo akaambiwa mtu huyo ni yeye. Hapo Nathani alihatarisha shingo yake. Ila ni yeye aliyemrudisha Daudi kwa Mungu wake, sio wale waliokuwa wakimpigia saluti.

Si lazima twende mbali: Rabai, 1888

Pwani yetu yenyewe ina somo. Mwaka 1875 wamishenari wa CMS walianzisha Frere Town, ng'ambo ya kisiwa upande wa Kisauni, iwe makao ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Ukipanda mat ukasikia konda anaita "Kengeleni", jina hilo linatokana na kengele yao.

Sasa kulikuwa na shida moja. Waliokombolewa baharini na Waingereza walikuwa sawa kwa sheria. Lakini kulikuwa na watoro, watu waliowakimbia wenyewe mabwana zao kwa miguu. Mabwana walikuja juu, Frere Town ikatishiwa kushambuliwa, na wamishenari wakatakiwa wasiwapokee watoro tena. Njia ya kuwa poa na kila mtu ilikuwa rahisi: mpe mtoro maji, mwambie pole, mrudishe alikotoka.

Huko Rabai, bara kidogo, alikuwako William Jones. Mwafrika, Myao, ambaye mwenyewe alichukuliwa utumwani akiwa mdogo, akakombolewa, akasomeshwa India, na mwaka 1885 akawekewa mikono kuwa shemasi wa Anglikana. Chini ya uangalizi wake watoro walijaa Rabai. Wakajenga, wakalima, wakaingia kanisani. Jones alijua bei ya kuwa mtumwa, na hakuwa tayari kuwarudisha watu kwa sababu ya adabu.

Mwaka 1888 mambo yakafichuka, presha ikapanda, mabwana wakadai watu wao. Mwishowe kampuni ya Waingereza iliyokuwa imeanza kusimamia pwani ikaona njia ya kuzuia vita ni kuwalipa mabwana fidia. Tarehe 1 Januari 1889, watu wapatao 1,400 walipewa karatasi za uhuru pale Rabai.

Hebu fikiria. Kama Jones angekuwa msee poa, mtu wa kutotaka kumuudhi yeyote, hao watu wangerudi minyororoni na salamu nzuri juu.

Dalili tano za kumjua anayekuchekea tu

*1. Anakubali kila kitu.* Mtu asiyewahi kukwambia "hapo umekosea" hakuheshimu, anakukwepa. Mithali 27 inasema wazi kwamba majeraha ya rafiki ni ya kuaminika kuliko busu nyingi za adui. Na kumbuka Yuda alimsaliti Yesu kwa nini: hakutumia tusi, alitumia busu.

*2. Wema wake una watazamaji.* Kamera ikiwako, anagawa unga kilo mbili. Kamera ikizimwa, hajui mlango wako. Yesu kwa Mathayo 6 alisema ukitoa sadaka usipige tarumbeta. Leo tarumbeta iko mfukoni, na ina intaneti.

*3. Anaishia kwa maneno.* Kila mtu yuko kwa kikundi cha WhatsApp cha mchango. Mama wa mtu amelazwa, bili inapanda, nambari ya M-Pesa imewekwa. Jumbe mia moja za mikono ya maombi, wachangaji saba. Yakobo sura ya 2 alishaongea na hao mia: ukimwambia mwenye njaa na baridi aende salama akaote moto na kushiba, na humpi chochote, umemsaidia nini? Kama umesota kweli, hakuna lawama. Ila kama una mia mbili ya kuku na chipsi, hiyo emoji ni tuta la Makupa.

*4. Ana sura mbili kwa watu wa aina mbili.* Kwa bosi, "shikamoo mzee" na mgongo umeinama. Kwa mama anayeuza viazi karai au msee wa kusukuma mkokoteni, hata salamu hakuna. Ukitaka kujua moyo wa mtu, angalia anavyomtendea yule asiyeweza kumlipa chochote.

*5. Anaweka daftari.* Miaka mitatu baadaye bado unakumbushwa ile soda. Wahenga walisema tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Akibaki pale akingojea, jua alikuwa anakukopesha, hakuwa anakupa.

Mtihani mgumu: beshte yako akiingia kwa unga

Dalili ni rahisi kusoma. Kesi ngumu iko mtaani kwetu, na inaua.

Mombasa hakuna mtaa ambao haujui unga. Jamaa mlikuwa mkicheza mpira pamoja, sasa anasinzia kando ya barabara na watu wanamwita teja. Anakuja: "Bro, nisaidie mia tu, arosto inanimaliza." Msee poa ana njia mbili hapa. Ya kwanza, anampa mia haraka haraka ili aondoke, asimharibie picha mbele ya watu. Ya pili, anasema "mimi simhukumu mtu" na kupita. Zote mbili zinasikika kama upendo. Zote mbili zinamwacha jamaa pale pale.

Wema unachukua muda. Unakaa naye chini, unamwambia: "Ndugu yangu, pesa sikupi, lakini kesho asubuhi nakupeleka." Kisauni kuna kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayomtoa mtu kwa sindano na unga polepole, na inabidi ainywe pale pale mbele ya mhudumu, siku baada ya siku. Hapo ndipo utajua kama wewe ni mwema: siku ya kwanza kila mtu anaweza kumsindikiza. Siku ya 20, ameteleza amerudia, amekutukana mbele ya watu, bado utaenda kumgongea?

Na hapa Wakristo tujifunze kwa majirani. MEWA, shirika la Waislamu hapa Mombasa, limekuwa likiwashughulikia waraibu kwa miaka mingi, huku makanisa mengine yakiwaita mapepo tu na kufunga lango. Yesu alishatuonya kuhusu hili. Katika hadithi ya Msamaria mwema, watu wawili wa dini walimpita majeruhi, na aliyesimama ni mtu wa imani waliyoidharau. Huyo hakumwambia pole. Alimfunga vidonda, akampandisha kwa punda wake, akalala naye kwa nyumba ya wageni, akaacha dinari mbili, yaani mshahara wa siku mbili wa kibarua, na akaahidi kurudi kulipa zaidi. Hesabu hiyo ndiyo tafsiri ya wema: mafuta yake, punda wake, usiku wake, pesa yake.

Lakini usichanganye wema na ukorofi

Kuna wale watasoma hapa na kufurahi: "Unaona? Mimi ndio maana husema ukweli mtupu!" Ngoja kidogo. Kuna msee anajiita mkweli, kumbe ana mdomo mchafu tu. Anamwambia dem amenona mbele ya watu kumi, halafu anasema "mimi sifichi". Huyo naye anajilisha mwenyewe. Anafurahia kuonekana mkali. Ni ndugu wa yule wa kuchekacheka.

Paulo aliwaambia Waefeso waseme ukweli katika upendo. Vyote viwili. Tazama Yesu na yule kijana tajiri kwa Marko 10. Kabla hajamwambia neno gumu, Injili inasema alimtazama, akampenda. Halafu ndio akamwambia akauze mali yake. Kijana akaenda zake na huzuni, na Yesu hakumkimbilia kupunguza bei ili amfurahishe. Alimwachia ukweli na uhuru wake.

Na adabu pia usiitupe. Sisi watu wa Pwani tumelelewa na salamu, na "pole", na "karibu chai". Ni kitu kizuri mno. Salamu ni mlango. Shida ni mtu anayekusimamisha mlangoni miaka kumi na hakuna siku umeingia ndani.

Uanzie wapi?

Usianze kwa kumpima mwenzako. Jipime mwenyewe kwanza. Kabla hujasema neno tamu, jiulize: nalisema kwa sababu ni kweli na litamfaa, au kwa sababu naogopa anavyoniona? Hilo swali moja litakunyamazisha mara nyingi.

Pili, fanya jambo moja wiki hii ambalo hakuna atakayelijua. Lipa fea ya mwanafunzi aliyekwama. Mtembelee mgonjwa bila kupiga selfi. Ukiona inakuuma kutosema, basi umejua ugonjwa wako uko wapi.

Tatu, kuna mtu unajua anaelekea pabaya. Labda ni kamari imemla karo. Labda ni mwanamume anayempiga, naye anasema ni wivu tu. Umekuwa ukimwambia "itakuwa sawa". Mtafute ana kwa ana, mkiwa wawili, uongee naye polepole kama Nathani. Huenda akakasirika, hata akakublock. Msee poa anaogopa hapo. Lakini wewe unampenda mtu huyo, au unapenda kupendwa naye?

Na kama kuna beshte aliwahi kukwambia ukweli ukamkatia simu, huenda yeye ndiye pekee aliyekuwa upande wako. Nambari yake bado unayo. Mpigie.